Gaidi wa jana, mjumbe wa leo: neno linalofuata urafiki badala ya damu

Mwezi wa Julai 2025 mashariki mwa Kongo ilizika watu wengi, lakini si wote waliozikwa kwa maneno yaleyale. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27, wapiganaji wa ADF waliingia Komanda, jimboni Ituri, wakawakuta waamini katika mkesha wa sala kanisani. Monusco ilihesabu watu 43 waliouawa, kati yao watoto 9. Kabla ya hapo, kati ya tarehe 9 na 21 ya mwezi huohuo, wakulima waliokuwa wamepiga kambi mashambani mwao wilayani Rutshuru, jimboni Kivu ya Kaskazini, waliuawa katika vijiji vinne. Mwanzoni mwa Agosti, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza kwamba raia wasiopungua 319 walikufa pale mikononi mwa M23 ikisaidiwa na wanajeshi wa Rwanda. M23 na Kigali walikana.

Mauaji ya Komanda yalipata jina bila kuchelewa: ugaidi. Hakuna aliyebisha, na hakukuwa na sababu ya kubisha. Ya Rutshuru yalipata maneno laini zaidi: madai, ukiukaji wa haki, hali ya kutia wasiwasi. Hata hivyo kundi linalotajwa katika mauaji ya Rutshuru ndilo lilelile ambalo serikali ya Kongo ilikuwa imelitangaza kuwa la kigaidi miaka mitatu nyuma. Nini kilifanya neno lile lipotee midomoni? Jibu liko katika kalenda. Tarehe 19 Julai, katikati ya siku zile za mauaji, wajumbe wa Kinshasa na wajumbe wa AFC/M23 walikuwa Doha wakitia sahihi tamko la kanuni mbele ya wapatanishi wa Qatar.

Hapo ndipo unafiki wa siasa unapoonekana wazi. Neno "gaidi" lingepaswa kumhusu anayechinja raia ili kuwatia hofu wengine. Katika eneo la Maziwa Makuu, limegeuka kuwa beji ambayo wakubwa humvalisha mtu wanapomchukia na kumvua wanapomhitaji. Aliyeuawa hana sauti katika uamuzi huo.

Kinshasa na neno lake

Tarehe 27 Mei 2022, baada ya kikao cha baraza kuu la ulinzi, serikali ilitangaza kwamba M23 ni kundi la kigaidi, ikaifukuza katika mazungumzo ya Nairobi na kusimamisha ndege za RwandAir. Tangu siku hiyo wimbo ukawa mmoja: hakuna mazungumzo na magaidi. Agosti 2024, mahakama ya kijeshi ya Kinshasa ilimhukumu kifo Corneille Nangaa na wenzake. Machi 2025, wizara ya sheria ilitangaza zawadi ya dola milioni 5 kwa yeyote atakayesaidia kumkamata Nangaa, na kiasi hichohicho kwa Bertrand Bisimwa na kwa Sultani Makenga. Miezi minne baadaye, kundi la watu hao likatia sahihi karatasi moja na serikali.

Kuzungumza na adui si kosa. Vita nyingi duniani zimeishia mezani, na mama anayelala chini ya turubai hawezi kulaumu mtu anayetafuta njia ya kumrudisha kijijini. Swali ni lingine. Kama neno la Mei 2022 lilikuwa la kweli, M23 ilibadilisha nini hadi neno likafutika? Mwaka 2022 ilikuwa inaelekea Bunagana. Novemba ya mwaka huohuo, huko Kishishe, Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 100 waliouawa. Januari 2025 ilishika Goma, Februari ikashika Bukavu. Matendo hayakupungua. Kilichoongezeka ni nguvu. Maana yake ni kwamba aliyeshika kilima alikuwa gaidi, na aliposhika miji miwili mikubwa akawa "upande husika".

Kijana wa msituni anayetazama mambo hayo anajifunza somo baya: dawa ya kuondoa jina la ugaidi ni kuteka mji zaidi. Somo hilo si geni. RCD na MLC zilipigana na serikali tangu 1998, na mwaka 2003 wakubwa wao wakawa makamu wa rais Kinshasa. CNDP ilipata mkataba wa tarehe 23 Machi 2009, na ni tarehe hiyo iliyozaa jina la M23. Kila mara wakubwa waligawana viti. Kila mara sheria za msamaha zilisema kwa maandishi kwamba haziwahusu wenye jinai za kivita, lakini wengi wa wenye jinai hizo walivaa magwanda mapya na kupanda vyeo.

Beni ililia, Kampala ikasikika

Mauaji makubwa ya Beni yalianza Oktoba 2014. Watu walichinjwa kwa mapanga na mashoka Ngadi, Mbau, Eringeti. Agosti 2016 ikawa zamu ya Rwangoma, kando ya mji wenyewe wa Beni. Katika miaka hiyo yote, ripoti za nje ziliandika "waasi wa Uganda" au "watu wenye silaha wasiojulikana". Mashirika ya kiraia ya Beni, Oicha na Butembo yalitangaza siku za miji kufa, yakaandamana, yakazika, na kuandamana tena.

Aprili 2019, kundi la Islamic State lilidai kwa mara ya kwanza shambulio lililofanyika Kongo, huko Kamango. Ndipo masikio ya mbali yakafunguka. Machi 2021 Marekani iliiweka ADF katika orodha yake ya magaidi, ikiipa jina la ISIS-DRC. Panga lililoua mwaka 2014 halikuwa tofauti na panga la mwaka 2021. Kilichobadilika ni kwamba sasa muuaji alikuwa na undugu na watu ambao Washington na miji ya Ulaya inawaogopa. Mtu wa Beni aliyekufa kabla ya Aprili 2019 alikufa mapema mno kuhesabiwa katika vita ya dunia dhidi ya ugaidi.

Tarehe 16 Novemba 2021 mabomu yalilipuka katikati ya Kampala na kuua watu kadhaa. Wiki mbili hazikuisha kabla ya jeshi la Uganda kuvuka mpaka, kwa kukubaliana na Kinshasa, katika operesheni iliyoitwa Shujaa. Wakaaji wengi wa Beni waliipokea vizuri, kwa sababu mtu anayezama hachagui mkono. Lakini jeshi hilohilo lilipigana na lile la Rwanda ndani ya mji wa Kisangani mwezi Juni 2000, katika vita ya siku sita iliyoua raia mamia. Februari 2022, Mahakama ya kimataifa ya haki mjini The Hague iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita ya 1998 hadi 2003. Kwa hiyo katika mwaka mmoja jeshi lile lilikuwa mdaiwa wa damu kule Kisangani na mkombozi kule Beni. Hakuna kiongozi wa Kinshasa aliyesimama kuwaeleza watu wa Kisangani jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja.

Kigali, Brussels na magaidi wa mbali

Kigali nayo ina kipimo chake. Inasema FDLR ni wauaji wa kimbari, na ni kweli kwamba kundi hilo lilizaliwa na watu walioshiriki mauaji ya Watutsi mwaka 1994. Ukweli huo haupaswi kupunguzwa. Lakini nchi inayodai majirani wasikae na wauaji imetajwa ripoti baada ya ripoti kuwa mlinzi wa kundi linaloua Rutshuru na Masisi. Katikati ya mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba wanajeshi wa Rwanda kati ya 3000 na 4000 walikuwa ndani ya Kongo. Februari 2025, azimio namba 2773 la Baraza la usalama lilitaka jeshi hilo liache kuisaidia M23 na liondoke. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Rwanda ilionyesha pia kwamba jina la ugaidi linaweza kujadiliwa. Septemba 2021 mahakama ya Kigali ilimhukumu Paul Rusesabagina miaka 25 jela kwa makosa ya ugaidi. Machi 2023 aliachiwa, baada ya mazungumzo yaliyohusisha Marekani na Qatar. Iwe alikuwa na hatia au hakuwa nayo, ilionekana kwamba uzito wa kosa hutegemea nani anapiga simu.

Ulaya haikubaki nyuma. Wanajeshi wa Rwanda wako Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tangu Julai 2021, wakipigana na wapiganaji wanaojiita wa Islamic State. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya ulitoa euro milioni 20 kusaidia kazi hiyo. Novemba 2024, wakati ripoti juu ya Kongo zilikuwa zimeshasomwa na kila mtu, ulitoa euro milioni 20 nyingine. Kati ya malipo hayo mawili, Februari 2024, ulitia sahihi na Kigali mapatano juu ya madini. Vikwazo dhidi ya maofisa wa jeshi la Rwanda vilikuja Machi 2025, Goma na Bukavu zikiwa zimeshaanguka. Watu wa Palma na Mocimboa da Praia wana haki ya kulindwa, na hakuna Mkongomani anayewaonea wivu. Kinachouma ni kuona kwamba jeshi moja linaweza kulipwa kwa kuzima moto Msumbiji huku linatajwa kuuwasha Kivu.

Tabia hii si ya Maziwa Makuu peke yake. Nelson Mandela alibaki katika orodha ya Marekani ya watu wa kuchunguzwa kwa ugaidi hadi mwaka 2008, miaka tisa baada ya kumaliza kazi ya urais. Kiongozi mpya wa Syria, Ahmed al-Sharaa, alikuwa na zawadi ya dola milioni 10 juu ya kichwa chake hadi Desemba 2024, na ndani ya mwaka mmoja akapokelewa White House. Mmoja alipigania haki ya watu weusi, mwingine alitoka katika safu za Al-Qaeda. Hawafanani hata kidogo, lakini orodha iliwaweka na kuwaondoa kwa saa za siasa.

Wauaji wasiopewa jina

Ni rahisi kunyooshea nje kidole. Ndani ya Kongo, usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Februari 2022, wapiganaji wa Codeco waliingia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, wilayani Djugu, wakaua watu wapatao 60. Februari 2025 waliua wengine zaidi ya 50 Djaiba, wilayani hiyohiyo. Watoto walichinjwa katika vibanda vya turubai. Kama huo si ugaidi, basi neno halina maana. Lakini Codeco haina uhusiano na Islamic State, haitishi Kampala wala Paris, na haina nchi jirani nyuma yake. Kwa hiyo lugha ya Kinshasa kwao ilikuwa ya "vijana waliopotea" wanaotumiwa wajumbe. Mwaka 2020 rais alituma wakubwa wa zamani wa makundi ya Ituri wakawabembeleze. Mwaka 2022 Codeco iliwateka wajumbe haohao.

Halafu kuna wazalendo. Vijana wengi wa Masisi, Walikale na Rutshuru walishika silaha kwa sababu nyumba zao zilichomwa na jeshi halikuwapo. Kuwadharau hao ni kukosa haki. Lakini jina zuri la mzalendo limefunika pia watu wenye mafaili mazito. Guidon Shimiray aliwekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa mwaka 2018, na mwaka 2019 vyombo vya sheria vya kijeshi vya Kongo vilitoa hati ya kumkamata kwa mambo ya kubaka na kuingiza watoto vitani. Vita ya M23 iliporudi, hati ile ikalala na mtu wake akawa mshirika. Mwanamke aliyebakwa na mpiganaji wa kundi hilo aambiwe nini? Kwamba aliyembaka ameanza kupenda nchi?

FDLR nayo isisahauliwe. Mei 2009 iliua raia karibu 100 katika kijiji cha Busurungi, wilayani Walikale. Wote walikuwa Wakongomani. Pamoja na hayo, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi juu ya maofisa wa FARDC wanaopigana bega kwa bega na kundi hilo. Oktoba 2025 jeshi lilitoa tangazo la kuwaita FDLR waweke silaha chini. Tangazo hilo lilitoka kwa shinikizo la mapatano ya Washington. Kilio cha Busurungi kilikuwa kimesubiri miaka 16.

Beji inaposhuka mtaani

Wakubwa wanapolitumia neno ovyo, linashuka hadi sokoni na kwenye vituo vya pikipiki. Pale halina mahakama. Anayesema Kinyarwanda anaitwa M23. Mwenye kanzu na kofia anatazamwa kama ADF. Novemba 2023, mjini Goma, mwanajeshi wa FARDC Munyamulenge aliuawa na kundi la watu na mwili wake ukachomwa, ingawa alikuwa amevaa sare ya taifa na alikuwa akilipigania. Huko Beni, Mei 2021, imamu aliyekuwa akihubiri dhidi ya ADF alipigwa risasi akiwa msikitini katika sala. Siku chache baadaye imamu mwingine aliuawa Mavivi. Waislamu wa Beni walipoteza wazee wao kwa kukataa ugaidi, kisha wakabaki kubeba shaka ya majirani.

Serikali pia hupata faida. Tangu Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa jina la kumaliza mauaji. Mauaji hayakwisha, lakini kuuliza pesa ya operesheni inaenda wapi, au kwa nini askari wa Lubero hana buti, kukawa karibu na kumsaidia adui. Neno lililokusudiwa kumkinga raia likageuka ngao ya ofisa.

Kipimo kipo

Wengine watasema haiwezekani kupima kwa kipimo kimoja, kwa sababu makundi hayafanani. Ni kweli kwamba hayafanani. ADF inataka kitu kimoja, M23 kingine. Jeshi la nchi jirani kuvuka mpaka ni uvamizi, na uvamizi una sheria yake. Tofauti hizo ni za kujua nani apigwe kijeshi, nani azungumzwe naye, nani ashitakiwe na nchi. Hazimhusu mkulima aliyelala shambani. Kwake swali ni moja: je, aliuawa kwa makusudi akiwa raia, ili wengine waogope?

Kipimo hicho hakihitaji kubuniwa. Mataifa yameshindwa kwa zaidi ya miaka 20 kukubaliana mkataba mmoja mkubwa juu ya ugaidi, kwa sababu kila mmoja anataka kumkinga rafiki yake. Lakini mkataba wa 1999 juu ya pesa za magaidi unasema jambo lililo wazi: ni kitendo cha kukusudia kumuua au kumjeruhi vibaya raia, kwa lengo la kutisha watu au kulazimisha serikali. Hautaji dini ya muuaji, wala nani anamlipa. Kwa kipimo hicho, Komanda, Rutshuru, Plaine Savo na Busurungi zinakaa kwenye mstari mmoja.

Kongo yenyewe imeonyesha kwamba inaweza. Agosti 2023 wanajeshi wa kikosi cha ulinzi wa rais waliua waandamanaji zaidi ya 40 mjini Goma. Mwezi mmoja baadaye mahakama ya kijeshi ilimhukumu kanali wao. Hukumu hiyo ilitazama kitendo, haikutazama sare. Sheria ya Desemba 2022 iliyosimika FONAREV, mfuko wa kuwalipa wahanga, inaanza na madhara aliyopata mtu, bila kuuliza aliyemdhuru yuko upande gani. Shida ni kuifuata. Ya kwanza ilibaki mfano wa nadra, na ya pili wahanga wengi wa vijijini bado wanaisikia redioni tu.

Kwa hiyo madai ya watu wa mashariki yanaweza kuwa mafupi. Serikali isitangaze kundi lolote la kigaidi, wala kuliondolea jina hilo, bila kuliambia bunge sababu ni matendo gani. Mapatano yoyote, ya Doha au ya Washington, yabebe orodha ya mauaji yaliyofanywa na pande zote, na mafaili hayo yaende mahakamani hata kama waliotia sahihi wamepewa ofisi. Hati za kukamata zilizolala ziamshwe, hata za marafiki. Wabunge wa Ituri na Kivu wanaopiga kelele dhidi ya muuaji wa kabila lingine waulizwe, wanaporudi kuomba kura, walisema nini juu ya muuaji wa kwao. Na waandishi wa habari waite kitendo kilekile kwa jina lilelile, awe ni ADF, M23, Codeco, mzalendo au askari.

Hayo hayatamfufua mtu. Lakini familia za wakulima wa Rutshuru zitakuwa zimepata kile ambacho familia za Komanda zilipata siku ya kwanza: nchi inayokubali kusema wazi wapendwa wao waliuawa na nani, na kwa kusudi gani.